Mvumo Kwenye Redio ya Mama Laurentine

Siku Liévin alipomwona Mama Laurentine kwa mara ya kwanza, yeye alikuwa amesimama langoni kwa mama huyo na kichwa cha mashine ya kushonea begani. Mama yule alikuwa katikati ya uwanja, akijizungusha polepole, redio ameibana sikioni, na waya mwembamba ukitoka kwenye redio hadi kwenye waya wa kuanikia nguo. Liévin alikuwa ameelekezwa kwamba hapo kuna chumba cha mbele cha kupanga, kinachomfaa fundi. Alipoona mtu mzima anazunguka peke yake namna ile, aliona heri arudi alikotoka. Alipogeuza mguu tu, mama akainua mkono bila kumtazama, akamwamuru abaki pale pale.

«Bakia paka pale. Usitingishike. Weye njo antene yangu leo.»

Mtu mwingine angecheka, au angeuliza. Liévin tangu utoto alikuwa mtu wa aibu, mtu wa kula mkate uliochacha kuliko kumrudishia muuzaji. Basi akabaki pale langoni mpaka bega likafa ganzi, huku wapita njia wa mtaa ule wa Kamalondo, mjini Lubumbashi, wakimtazama, na sauti ya mwanamume ndani ya redio ikiendelea kusema kwa lugha asiyoijua. Ilipomalizika, mama akamkaribisha, akampa maji, akamwonyesha chumba. Hakumwomba radhi wala hakumweleza chochote.

Mambo mengine aliyajua kidogo kidogo, maana ukuta wa chumba chake ndio uliokuwa ukuta wa sebule ya mama. Alikuwa mjane wa André, mfanyakazi wa reli. Yeye mwenyewe alizaliwa Pweto, na ujana wake wote aliuza samaki wakavu: anapanda juu ya lori na magunia yake, anapita Kasomeno, anaingia Lubumbashi amejaa vumbi hadi kwenye kope. Enzi hizo simu za mkononi hazijafika. Aliyetaka habari za Pweto alikwenda kwenye nyumba ya fonii, ile redio ya kupokezana maneno, akapanga foleni, akapaza sauti mbele ya chombo, na foleni nzima ikasikia nani amezaa, nani amefariki, na nani amekimbia na mali ya mwenzake. Mama Laurentine alizoea kukaa pale hata siku ambazo hakuwa na ujumbe. Fonii zilipokufa, akanunua redio ya mawimbi mafupi.

Kila jioni, jua likianza kushuka, alitoka nayo uwanjani. Alisikiliza Kifaransa, Kiswahili cha pwani, hata lugha ambazo hakupata neno moja. Siku moja Liévin alijipa moyo akamuuliza anafaidi nini, na ile redio inakoroma hivyo, wakati simu anayo na mpwa wake wa Pweto humpigia kila Jumapili.

«Mu téléphone, Pweto iko paka nyuma ya mulango,» mama akasema. «Miye nilitoka kule juu ya camion, najua vile iko mbali. Ile makelele ya mu redio, baba, njo njia yenyewe.»

Kero yake ilikuwa kelele nyingine, ile ya umeme, iliyovuma ndani ya redio. Umeme ukikatika, avenue nzima ilinuna, yeye akatoka na kiti chake akitabasamu. Ukirudi, watoto wakishangilia, yeye alisema wameturudishia nyuki, akaizima redio. Binti yake, Simone, aliyekuwa na nyumba nzuri mtaa wa Golf, alimwomba miaka na miaka akaishi kwake. Jibu lilikuwa lile lile: kule kila ukuta una jenereta na mashine za kutunza umeme, redio haisikii kitu. Simone akarudi na gari lake. Kwa jibu hilo moja Mama Laurentine alibaki kwake, na Liévin alibaki na chumba chake, na jioni zake za kukaa kwenye ngazi bila kulazimika kusema.

Kisha mama akajikwaa gizani akaumia mguu. Liévin hakusema pole zaidi ya mara moja, lakini alimshonea suruali Doudou, muuza pano za umeme wa jua, na badala ya malipo akachukua taa moja nzuri, na pano yake ndogo, na kisanduku cha betri kinachoongoza chaji. Alivifunga vyote mwenyewe. Pano akaiweka juu ya bati, waya akaupitisha kando ya waya wa nguo, kisanduku akakitundika chini ya dirisha la mama. Mama aliwasha, akazima, akawasha tena, akasema hata André hakuwahi kumwangazia hivi. Liévin aliingia chumbani akajifanya ana kazi.

Haikupita wiki, redio ikaharibika. Si ule mkoromo wa zamani, bali mlio mmoja mkali kama msumeno, usiokoma umeme ukiwepo wala usipokuwepo. Liévin alinunua mawe mapya, betri za redio. Msumeno ule ule. Mama alikaa uwanjani jioni mbili tatu na redio mapajani, halafu akaacha kutoka.

Simone alipokuja, alikuta redio iko juu ya kabati. Akaiwasha, akasikiliza, akaizima. Akasema kwa upole kwamba sasa hapa na Golf ni sawasawa, basi maman anangoja nini? Mama Laurentine aliitazama redio pale kabatini. Akakubali kwamba Jumapili ya pili gari lije. Nyumba ingekodishwa yote kwa mtu mmoja, pamoja na chumba cha mbele.

Ndipo Liévin akafanya jambo ambalo wanaomjua hawakuliamini. Mama alipokwenda kwenye mkutano wa wajane parokiani, aliichukua redio, akaenda nyumba kwa nyumba kuwaomba watu wazime vitu vyao vya umeme kidogo. Taa ya jua hakuifikiria hata mara moja. Kwake kelele ilikuwa ya mashine za majirani, huenda siku hizi kuna anayewasha jenereta umeme ukikatika, na jua halina kelele.

Alianza na Fils, mwenye baa.

«Ba fundi, tangu ulikuya mu hii avenue haunisalimiake,» Fils akasema. «Leo unafungua kinywa, na ni juu ya kuniomba nizimishe frigo?»

Wanywaji walicheka, lakini Fils akaizima friji. Redio haikubadilika. Kwa Exaucée, msusi, wateja walimuuliza kama ana mpenzi wa kuficha, maana mji mzima unaomba courant ya umeme, yeye peke yake anaomba giza. Exaucée naye akazima, na redio haikubadilika. Ila Liévin aligundua kwamba kadiri alivyokwenda mbali, msumeno ulipungua, na kule mwisho wa avenue ulikuwa umekwisha kabisa. Akarudi taratibu. Ukaongezeka kwenye baa, ukaongezeka langoni, na chini ya dirisha la mama ulinguruma. Akasogeza redio kwenye kisanduku alichokitundika kwa mikono yake, akachomoa waya.

Msumeno ukakoma. Mtu akawa anasoma habari, kutoka mbali sana, na nyuma yake ule mkoromo wa zamani.

Liévin aling'oa taa, pano na kisanduku, akavificha chini ya meza yake. Mama aliporudi, alimwambia swichi imeharibika, ataitengeneza. Mama alitazama msumari mtupu ukutani, akasema sawa. Jioni ile alitoka na redio, ikasikika vizuri. Liévin, upande wa pili wa ukuta, alingoja aseme kwamba haendi tena. Alingoja juma zima.

Jumapili gari likaja. Godoro lilikuwa limekwisha kupakiwa Simone alipoiona redio kwenye kiti, inasema safi kabisa. Akashangaa.

«Maman, ile makelele imeenda wapi?»

Mama Laurentine alimgeukia Liévin, akamtazama, kama mtu anayemwachia mwenzake nafasi ya kupita. Liévin alikuwa ameshika ncha ya mkeka. Maneno yalikuwa machache na aliyajua: ilikuwa taa yangu, mama anaweza kubaki. Dereva alikuwa pale, Fils alikuwa pale na wanywaji wake, Simone alikuwa na miwani yake ya gharama. Liévin akainama, akaukunja mkeka.

«Makelele inakuyaka, inaenda,» mama akamwambia binti yake. «Tupakie. Nilishakupa neno.»

Akapanda mbele, redio mapajani. Dereva alikuwa amewasha injini mama alipoteremsha kioo, akamwita Liévin karibu, akasema kwa sauti ya chini ili mwingine asisikie:

«Ba fundi, taa yangu iko wapi? Kule kwa Simone redio haitasikilikana hata bila ile taa. Leta, niende nayo.»