Mtu wa Kumi

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Mjomba Lazare alilishusha furushi lake la zamani msumarini, akalivaa mgongoni, akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akalirudisha. Ndilo alilozunguka nalo mashambani akiuza sindano na vitambaa, enzi za ujana wake, alipokuja kutoka Alsasi, Ulaya.

"Bado linabebeka, Rosine," ananiambia.

"Lingekuwa na kitu ndani ungeanguka," Mama anadakia kutoka jikoni.

"Dada, ungeniokota?"

"Ningekufagia."

Asubuhi zile zilinukia kahawa na vitambaa vipya. Siku hizi duka linanukia kahawa tu.

Mji wetu, Saint-Aubry, uko kando ya mto, na wakati huo haukuwa na daraja. Msimu wa mafuriko Babette, mke wa Mzee Gerson fundi viatu, aliugua, na daktari akakwama ng'ambo mpaka mama wa watu akakata roho. Uchungu wa kifo kile ndio uliomfanya Mjomba agombee bunge la jimbo. Wakulima walimjua tangu enzi za furushi. Wakampa kura.

Jioni ya ushindi Mzee Gerson aliingia dukani, kofia kichwani.

"Hongera, mheshimiwa."

"Mheshimiwa wa nini? Kaa unywe kahawa."

"Sikai. Nimehesabu njia nzima. Ukienda tunabaki tisa. Wa kumi nimshone kwa ngozi?"

Kwetu sisi Wayahudi dua ya marehemu haisomwi mpaka wanaume watimie kumi, na mji mzima ulikuwa nao kumi tu, Mjomba akiwemo. Babette hakuacha mtoto. Mzee alikuwa ameapa kumsomea mwenyewe kila Jumamosi, mwaka mzima.

Mjomba akamgeukia mdogo wangu Émile, aliyekuwa akila mkate kwenye kaunta. Mvulana akitimiza miaka kumi na mitatu naye huhesabiwa.

"Mpaka huyu awe mwanaume," akasema, "kila Ijumaa nitakuwa hapa kabla jua halijazama na Sabato kuingia."

"Huyu? Kwanza ajifute siagi," Mzee Gerson akasema, lakini akakaa.

Mjomba alitimiza ahadi. Kila Ijumaa alishuka stima na tope mpaka magotini. Huko mji mkuu wabunge wenzake walikubaliana mambo mezani usiku wa Ijumaa, yeye akiwa hayupo. Hoja ya daraja ikaletwa Jumamosi moja, ikaanguka.

"Baki huko basi, kaka," Mama akamwambia. "Kwani Mungu haoni?"

"Mungu anaona. Gerson je?"

Majira ya kuchipua, Émile akatimiza miaka yake. Siku hiyo alisoma Torati sinagogini mbele ya watu, sauti ikimkatikakatika. Mzee Gerson aliposimama kusoma dua yake, Mjomba alinyanyuka taratibu, akatoka nje. Mimi nilikaa ghorofani, dirishani na wanawake, nikamwona amesimama chini yetu, kichwa kakiinamisha, anasikiliza kama itasomwa bila yeye. Ikasomwa yote. Wote ndani wakaitikia, na Émile akaitikia kwa sauti kuliko wote.

"Wametimia," Mjomba akasema peke yake. Akatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa begani, unatafuta mkanda wa furushi.

Daraja lilipitishwa kiangazi kile, naye akiwepo kila Ijumaa huko. Kabla hajapanda stima ya kurudi, homa ya manjano ikamkuta, wakamzika huko huko. Siku hizi Mzee Gerson anamsomea yeye, na wa kumi ni Émile.

Asubuhi ya safari yake ile ya mwisho, siku moja baada ya Émile kuhesabiwa, alilishusha furushi kama kawaida. Safari hii alilijaza mashati.

"Utaanguka," Mama akasema.

"Linabebeka."

Akatembea mpaka mlangoni. Nikasubiri ageuke. Akafungua, akatoka.