Barua ya Posa Niliyoifunga kwa Fulana ya Mabingwa

Jamani, hii habari Rehema amenikataza kuisimulia, na mshenga wangu Mzee Kitwana mpaka leo tukikutana sokoni Mchikichini anaanza kucheka kabla sijamwamkia, lakini bora niiseme mwenyewe kuliko muisikie kwa wauza viatu wa safu ya nyuma, ambao wameitia chumvi mpaka nasikia eti nilizimia. Sikuzimia. Niliangusha sinia na nikalia kidogo, basi.

Mimi nauza fulana na jezi za mitumba, na wananiita Profesa kwa sababu kila nguo ninayoishika naipa historia yake (hii ilichezewa fainali, hii ya beki aliyestaafu kwa goti), na nyingi ya hizo historia, Mungu anisamehe, nazitunga pale pale wakati mteja bado anapima mabega. Mdomo huu ndio umenilisha, na mdomo huu ndio uliotaka kuninyang'anya mke.

Rehema anauza vitenge Kariakoo. Baba yake alifariki yeye akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mkubwa, Mzee Shabani, baharia wa zamani aliyewahi kuzamia meli mpaka Marekani, akafanya kazi bandarini huko miaka mingi, kisha akarudi. Mtaa mzima wa Sikukuu unamjua kwa kapelo yake ya bluu iliyopauka, yenye kichwa cha kifaru, alama ya timu moja ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira kama yai na kugongana vichwa. Posa ilikuwa mikononi mwake. Na alishakataa mbili kabla yangu, moja ya mwalimu kabisa mwenye ajira serikalini, sasa mimi wa kukunjua fulana juani nilikuwa na nini?

"Ile kapelo haivui," Rehema aliniambia, "ila hiyo timu yenyewe sijawahi kumsikia akiitaja hata siku moja."

Mtu mwenye akili angeuliza kwa nini. Mimi nikasema moyoni, huyo ndiye shabiki wa kweli, amependa mpaka amekosa maneno.

Sasa sikilizeni. Wiki ile ile ya posa nikakata belo, furushi zima la mitumba, na katikati ya makoti nikakuta fulana kumi na mbili mpyaaa, lebo zinaning'inia, kifuani kichwa cha kifaru kile kile, na juu yake kwa maandishi makubwa ya Kiingereza kwamba hawa ndio mabingwa, na mwaka wa msimu wenyewe, wa zamani, mimi nikiwa darasa la pili. Niliruka, mwenzangu wa meza ya jirani akadhani nimeumwa na nge. Nikaona Mungu mwenyewe ameamua kunisaidia kuoa.

Mnajua barua ya posa inavyopelekwa. Inafungwa vizuri kwenye kitambaa cheupe, inawekwa kwenye sinia, mshenga anaiongoza. Mama alishanunua kitambaa, akakipiga pasi, akakitia na udi. Jumamosi baada ya alasiri, mama akiwa anatafuta viatu vyake, nikakitoa kile kitambaa, nikaifunga barua kwa fulana ya mabingwa, kifaru juu, nikaifunika kwa kawa. Dakika mbili tu, hazikufika hata tatu.

Kosa la pili, nikataka kuuona uso wa mzee akiifunua. Mzee Kitwana akanikatalia katakata.

"Bwana harusi haendi kwenye posa yake, mwanangu. Kaa nyumbani, kunywa maji, subiri."

"Mzee wangu, mimi nabeba sinia tu. Mzee Shabani hanijui sura. Semeni naitwa Juma."

Nikambembeleza mpaka akachoka. Tukaenda, yeye, mama na mimi Juma.

Sebule ilikuwa imejaa. Wazee wanne wa ukoo wa Rehema wamekaa ukutani, Mzee Shabani katikati na kapelo yake, mlango wa barabarani uko wazi (wenye maduka ya jirani wamejisogeza kwa kisingizio cha joto), na nyuma ya pazia la ukumbini nasikia bangili za kina mama, na Rehema yuko humo humo. Tukaamkia, tukaamkiwa, Mzee Kitwana akaanza maneno yake matamu ya kuomba ua katika bustani hii, na mimi nikapiga magoti nikaweka sinia mbele ya mzee, nikaondoa kawa.

Mama akashika mdomo. Mzee Shabani akaitazama ile fulana, hakuigusa.

"Nani kaifunga hivi?"

Mzee Kitwana, maskini, hakuwa na habari, akatupa jicho kwangu, kisha akajibu kama mshenga anavyotakiwa kujibu, kumtetea mtu wake. "Kijana mwenyewe. Ameona mnapenda mchezo mmoja."

"Anaijua hii timu?"

Hapo ndipo ningenyamaza. Nawaapia, nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Lakini Profesa akaona mteja anapima mabega.

"Anaijua sana, mzee," nikasema. "Mimi Juma ni rafiki yake, tumekua pamoja. Ule msimu waliochukua ubingwa aliuona kwenye kanda ya video na marehemu baba yake. Anasema ndiyo siku aliyofurahi kuliko zote."

"Walishindaje?"

Jasho likaanza kunitoka mgongoni. "Kwa penalti, mzee. Ilikwenda sare mpaka dakika mia na ishirini, halafu kipa wao akaokoa mbili."

Nyuma ya pazia kuna mtu aliguna. Mzee akainamisha kichwa, akauliza taratibu kabisa, na ule upole ndio uliotisha, "Kipa?"

"Kipa. Jamaa mmoja mrefu."

"Mchezo ule hauna kipa, Juma," akasema. "Hauna penalti hizo. Na Vifaru hawakuwa mabingwa mwaka ule. Walishindwa. Sekunde za mwisho, mpira ukapigwa, ukapita pembeni ya mti wa goli."

"Lakini mzee, si wameandika hapa..."

"Wanachapa za timu zote mbili kabla ya fainali, ili atakayeshinda avae pale pale. Za aliyeshindwa haziuzwi kule. Zinatiwa kwenye mifuko, zinapelekwa mbali, kwa watu wasiojua." Akaisukuma sinia kwa ncha ya kidole. "Mzee Kitwana, mwambie kijana wako amenidhihaki ndani ya nyumba yangu, mbele ya ndugu zangu. Barua yake irudi naye. Huyu mtoto haozwi huko."

Nikaona Rehema anaondoka hivi hivi kwa sababu ya fulana, nikasahau jina, nikasahau sinia, nikasimama.

"Baba, nisamehe, mimi sikujua!"

Hapo goti likagonga sinia, sinia ikapinduka, barua ikateleza mpaka chini ya kiti cha wazee. Mzee mmoja akauliza, "Kumbe huyu si Juma?" Nje mwenye duka akapasua kicheko, kina mama wakadakia, na pazia likafunguka kidogo nikamwona Rehema, hacheki, amefumba macho kama mtu anayeombea maiti. Nikalia. Mbele ya mama yangu, mtu mzima wa miaka thelathini, nikalia kweli kweli, nikasema natunga historia za nguo ndivyo ninavyoishi, sijui mpira wa Kimarekani wala sijawahi kuuona, nilitaka tu mzee anipende.

Mzee Shabani hakucheka. Akaokota barua yeye mwenyewe.

"Kesho uje," akasema. "Peke yako. Uache uongo nyumbani."

Nikaenda. Akanipa kiti barazani, akaanza kunisimulia ule msimu, mechi ya kwanza. Wiki iliyofuata mechi ya pili na ya tatu. Posa hakuitaja. Nikimuuliza anasema, "Msimu ukiisha." Miezi mitatu, Jumapili kwa Jumapili, nakaa pale najifunza baridi ya jiji lile, watu kupaka uso bluu, walivyofungwa mechi nne mfululizo kisha wakainuka, na kila tukikaribia fainali mzee anakumbuka kitu alichokisahau, anarudi nyuma mechi sita. Rehema akawa ananipigia simu usiku anauliza, "Mmefika wapi?" Nami namjibu, "Tumerudi raundi ya kwanza."

Jumapili moja akafika kwenye fainali.

"Mama yangu alikuwa anaumwa," alisema, na macho yake yako barabarani. "Wakaniita. Nilikuwa na tiketi ya Jumatano. Nikaisogeza mpaka Jumatatu, kwa sababu fainali ilikuwa Jumapili. Siku tano tu. Nikaenda kuiangalia kwa rafiki, tukashindwa, nikarudi chumbani nimenuna kwa ajili ya mpira, naisikia simu inaita. Mama alikuwa amefariki Jumamosi. Walikuwa wamenitafuta siku nzima, na walishazika."

Akavua kapelo. Sikuwahi kuona kichwa chake, kumbe kina mvi tupu.

"Watu wanadhani naivaa kwa mapenzi. Naivaa nisisahau." Akaipangusa, akairudisha kichwani. "Harusi mnataka lini?"

Nikasema wakati wowote atakaopenda yeye.

"Iwe Jumapili. Na msinitumie mtu wa kunifuata. Nitafika kabla ya wapishi."

Siku ya harusi alifika kwetu saa kumi na moja alfajiri, mlango umefungwa, akakaa kwenye ngazi mpaka tukaamka.

Zile fulana kumi na mbili ninazo bado, zimekunjwa chini ya meza, haziuzwi. Mteja akija sasa akaniuliza jezi hii ilichezewa wapi na nani, namwambia sijui, kaka, mimi nauza nguo. Biashara imepungua kidogo, na hilo jina la Profesa wameanza kulisahau. Na mdogo wangu anapeleka posa mwezi ujao, siku hiyo nitamfungia ndani kwa kufuli, ufunguo nampa mama.