Nyanya Aliposhuka na Baridi Yake

Enzi zetu pale Voi, joto lilikuwa mtu wa nyumbani. Jioni tulimwaga maji kwenye sakafu ya saruji tukalala juu yake matumbo wazi, mabati yakialika juu yetu yalivyokuwa yakipoa. Malori ya mafuta yalinguruma barabara kuu kuelekea Nairobi, nasi tukiyapungia kama msafara wa harusi. Siku hizi vijana wa Voi wanalala na mashine ya hewa baridi. Umeme ukipotea, wanawasha jenereta. Kila mtu anapoza chumba chake, nje kunazidi kuchemka.

Mdogo wangu Mghoi alipozaliwa, nyanya alishuka kutoka milimani, Wesu, kuja kumtunza mama. Kwao kwenye baridi kali mzazi na kichanga hukaa karibu na moto, madirisha yamefungwa, na desturi hiyo nyanya hakuiacha njiani. Alifunga kila dirisha, akaingiza jiko la makaa chumbani, akamviringisha Mghoi kwa mablanketi mawili. Kufikia adhuhuri mtoto alikuwa amelowa jasho, vipele vimejaa shingoni, hata kulia hawezi tena. Mama alimtazama kwa hofu, lakini angembishiaje mamake?

Aliyebisha ni jirani yetu mwenye duka, Bi Zuhura, mtu wa asili ya Mombasa. Aliingia akijipepea.

"Hodi! Mwalea mtoto ama mwaoka mkate?"

"Kichanga kikipigwa na baridi hakiponi," nyanya akajibu.

"Baridi ya Voi, mama? Hebu nionyeshe iliko, niichukue nikauze dukani!"

Nyanya alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Bi Zuhura alilitoa jiko nje, akafungua dirisha, akalowesha leso na kuitundika hapo. Upepo ukapita kwenye ile leso, ukaingia mpole. Mghoi akashusha pumzi, akanyonya, akalala. Nyanya aliketi kando yake hadi jioni, akiilowesha leso kila ilipokauka.

"Kumbe kila mahali na malezi yake," alisema.

Mimi shule niliiacha mapema, miguu ikazoea barabara. Juzi niliondoka asubuhi bila mpango, jioni nikajikuta Werugha, juu kabisa kwenye milima ile ya nyanya, ambako sikuwahi kulala. Nikapata chumba. Mwenye nyumba akaniletea feni.

"Naomba blanketi, dada."

"Blanketi la nini, kaka? Utaiva!"

Nililala kifua wazi. Enzi zetu, joto la Voi likizidi, ulijua kuna mlima wa kupanda. Watoto wa leo sijui watapanda wapi.