Jiwe Lililokuza Majani

Niliacha shule darasa la saba, na kabla ya kazi hii sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja. Nimechuma chai, nimepakia ndizi Ogembo, nimesugua vinyago vya mawe Tabaka. Kwa hiyo mtafiti wa mimea aliponiuliza pale Masimba kama ninaweza kutembea sana na kupiga picha, nilimwambia kutembea ndiyo elimu yangu.

Vifaa vilikuwa simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka na fremu ya mbao ya kuishikilia juu ya tuta. Kikundi cha akina mama kilitaka kujua mbegu ya nani ya managu, yaani mnavu, inatoa majani mapana, ili waizidishe na kugawana. Hatukuchuma jani hata moja. Nilipiga picha kutoka juu, na simu ikapima eneo la kijani kwa kulinganisha na duara jeupe la sentimita tano nililoliweka kando ya mche.

Duara nililopewa lilikuwa la karatasi iliyofunikwa plastiki. Juani lilimeta, simu ikashindwa kulisoma. Nikachonga langu kwa jiwe laini la Tabaka, nikawa nalibeba ndani ya kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kujipaka; lilibana mpaka lisukumwe na kidole gumba. Mtafiti alilipima kwa rula, akanipigia makofi. Shuleni sikuwahi kupigiwa makofi.

Nilikuwa nalala kwa mama mmoja wa Nyaramba, mwanakikundi, aliyenipa chumba bila kuniuliza ninatoka wapi. Mbegu yake aliachiwa na mama mkwe. Alipanda wiki tano nyuma ya wenzake kwa sababu alikuwa akimuuguza dada yake, hivyo picha zake zilikuja mwisho.

"Piga vizuri," aliniambia. "Usinipigie upande wa magugu."

Majani yalilinganishwa yakiwa na umri mmoja. Ya mama yakaongoza. Alitangaza kanisani siku ya Sabato, kisha akaanza kuwaita wenzake "nyinyi wa majani madogo."

Siku mbili kabla ya mbegu yake kugawanywa, nikiwa njiani, nilisikia kitu kikigongagonga mfukoni. Jiwe lilikuwa linacheza ndani ya kifuniko. Nilisimama pale pale. Kila jioni nililisafisha kwa kipande cha msasa, hasa ukingoni, ambako udongo ulishika. Mikono yangu ilikuwa bado Tabaka. Jiwe lilipungua, na simu, ikiamini bado ni sentimita tano, iliona majani yamepanuka. Waliopigwa picha mwisho ndio waliopendelewa zaidi.

Ningeweza kuondoka. Nimeacha kazi nyingi bila kuaga. Lakini kikundi kizima kingepanda kosa langu.

Nilipomweleza, mtafiti hakupandisha sauti. Alifungua picha zote, akanionyesha pembe ya fremu ya mbao, ambayo ilionekana katika kila moja. Mbao haikuwa imesuguliwa na mtu. Akaitumia kupima upya. Mbegu ya mama mwingine wa kikundi, wa Ogembo, ikawa ya kwanza, ya Nyaramba ya nne.

"Sasa kesho utatumia nini?" aliniuliza, nikajua bado nina kazi. Ninamshukuru mpaka leo kwa lile neno kesho.

Kumwambia mama ndiko kulikonitoa jasho. Alinisikiliza huku akichambua mboga.

"Kwa hiyo nimewaringia bure?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe kila jioni umekaa mlangoni pangu unasugua, na mimi nakuletea maji ya kusugulia!"

Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. Kisha akaiinua tena. "Sabato nitasimama tena niwaambie," akasema. " Wewe utakaa mbele wakuone."

Nilikaa mbele. Wenzake walimzomea kwa furaha, wakamkumbatia. Mama wa Ogembo akampa mbegu kabla ya mtu mwingine yeyote.

Huu ni mwaka wangu wa pili Nyaramba. Sasa napimia kwa duara la chuma. Jiwe alilichukua mama. Msimu huu lilikandamiza karatasi aliyoanikia mbegu ya Ogembo, upepo usiipeperushe. Mbegu ya mama mkwe ilikuwa kando, kwenye karatasi yake yenyewe.