Bosi Alivyopandishwa Cheo kwa Maneno Yangu

Jamani, mmewahi kuona mtu anasemwa vibaya kwa maandishi, halafu anapewa cheo kwa maneno hayo hayo?

Mimi nimeona. Na maneno niliyaandika mimi.

Ofisi yetu ni ya maji. Kila meza ina kompyuta, ila jina la kuingilia ni moja tu, la bosi. Alisema kila mtu akiwa na lake ataanza kuficha mambo. Tukazoea. Asubuhi mashine inakusalimu kwa jina lake, nawe unaitikia kimoyomoyo.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa fundi wa kompyuta hapo hapo. Akabuni kitu: bomba likipasuka mtaani, mteja anapiga picha kwa simu, na fundi wa zamu anaipata papo hapo.

Bosi akamuuliza, "Nani amekutuma?"

Wiki ile ile shemeji akatupwa stoo, apange koki na mipira ya maji. Mshahara ukakatwa. Dada akawa ananipigia simu analia.

Ndipo bodi ikaleta mtafiti, binti wa chuo, achunguze kwa nini tuna mitambo mipya na mambo ya kizamani.

"Jibuni maswali kwenye kompyuta," akasema. "Mfumo utachukua majina yenu. Bodi itawalinda."

Wenzangu walichungulia, wakafunga.

"Mimi nina watoto," karani jirani yangu akaninong'oneza.

Mimi nikamwaga yote. Hapa tunaua mawazo mapya. Nikaeleza kile kitu cha mabomba hatua kwa hatua. Nikamalizia: tulimkosea aliyetaka kutusaidia, arudishwe kwenye kazi yake. Jina la shemeji sikulitaja, wasije wakasema napigania ndugu.

Siku ya matokeo, shemeji alikuwa nyuma ya ukumbi anapanga viti. Akanikonyeza.

Mwenyekiti wa bodi akasimama. "Ofisi nzima, aliyejibu ni mmoja. Kiongozi anayejikosoa hivi, na kubuni jambo kama hili la mabomba, sijapata kumwona!"

Akamtaja bosi.

Nikakumbuka. Lile jina la kuingilia!

Bosi mwenyewe alishtuka, nilimwona. Kisha akatoa leso, akafuta macho.

"Na huyo mliyemkosea yuko wapi?" mwenyekiti akauliza.

"Aliacha kazi mwenyewe, mheshimiwa. Namtafuta mpaka leo."

Nikasimama. "Mwongo! Yale niliandika mimi. Na mtu mwenyewe yule pale!"

Bosi akatabasamu. "Mnaona? Hapa kila mtu yuko huru kusema chochote."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Shemeji akaweka kiti chini, akatoka. Hajarudi hata kuchukua koti lake. Dada simu zangu hapokei.

Bosi yuko makao makuu sasa, mkuu wa ubunifu. Inaniuma, sitaficha.

Wewe unayesoma hapa ukiwa ofisini, siku ukiamua kusema ukweli, tazama kwanza juu ya hiyo skrini umeingia kwa jina la nani.