Mbalanga Mikononi mwa Msusi

Msusi huyu alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Ukikaa kwenye kiti chake utasukwa, utachekeshwa, na siri zako utazimwaga zote bila kuombwa. Kisha mbalanga ikamwingia: doa jeupe kwenye kifundo cha kidole, lingine kando ya ukucha, mpaka mikono yote miwili ikajaa mabaka.

Wateja wakaanza kumkwepa. Walikumbuka tu ghafla kwamba wana haraka, wakahamia kiti cha jirani, ambako foleni ilikuwa ndefu kupindukia. Haraka gani hiyo, jamani?

Akafanya kosa ambalo ni msusi tu angelifanya. Alichukua rangi nyeusi ya nywele, ile aliyowafichia wateja mvi, akajipaka vidoleni. Mwanzoni akatamba. Kisha ngozi ikawaka moto, ikavimba, ikabambuka, na palipopona pakawa peupe kuliko awali.

"Dada yangu, usirudie," daktari alimwambia. "Kinga ya mwili wako mwenyewe ndiyo inayoshambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ukiiumiza ngozi, mabaka yanaweza kuongezeka. Nitakupa dawa ya kupaka, na jua ujikinge nalo. Mbalanga haiambukizi hata kidogo."

"Na vidole vitarudi?"

"Uso mara nyingi hurudi. Vidole ni vibishi. Sitaki kukudanganya."

Alitoka hospitalini amenywea. Mwili wake umegombana na yeye mwenyewe, nani atawaamua?

Alipaka dawa miezi na miezi bila kuruka. Vidole vikabaki vilevile. Mama Pacha, shoga yake wa tangu utotoni, aliposikia wateja wamemkimbia, alikuja juu. Aliingia saluni, akajibwaga kwenye kile kiti kitupu, akapaza sauti kila mtu asikie.

"Shoga, nisuke mistari! Hakuna cha kuambukizana hapa, na anayeogopa aende zake!"

Msusi nusura alie kwa furaha. Akachukua chanuo, akagawa nywele, akaweka vidole utosini. Kwenye kioo akaona mabega ya Mama Pacha yakipanda mpaka karibu na masikio.

"Nimekuvuta, shoga?"

"Wala! Endelea, mama."

Tabasamu lilikuwa palepale. Mabega nayo hayakushuka.

Msusi alimpenda, na hakuona la kumlaumu. Akainua vidole, akaanza kila msuko mbali kidogo na ngozi ya kichwa, kazi legelege ambayo angemfumulia mwanafunzi bila huruma. Mabega ya Mama Pacha yakashuka taratibu.