Baba Alipopiga Marufuku Habari Mbaya Sababu ya Presha

Wakuu, jikoni kwetu kuliwaka moto, na mimi nikaenda kumwambia baba huku natabasamu.

Naitwa Azzam, wa Gongoni, Tabora. Mzee wangu Soud anauza vitambaa. Alipokutwa na presha, akapewa vidonge vya kila siku, akaambiwa apunguze chumvi na aepuke hasira.

Unajua alishika lipi? La hasira tu.

"Siumwi popote. Presha mnaniletea nyie. Kuanzia leo humu ndani habari njema tupu!"

Vidonge vikabaki kabatini. Achari ya ndimu, yenye chumvi kibao, ikaendelea kuliwa kama mboga.

Basi vituko vikaanza. Umeme ukikatika: "Baba, leo tuna giza tulivu." Upepo ulipong'oa bati za choo, mama akamwambia, "Mume wangu, choo chetu sasa kina hewa safi."

Siku hiyo pazia la jikoni likashika moto. Nikatoka mbio, nikakumbuka sheria, nikapunguza mwendo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lete habari njema."

"Jiko limechangamka. Limechangamka mpaka dirishani."

"Mashaallah," akachovya achari.

Moshi ulipomfikia ndipo akaruka. Moto tuliuzima kwa ndoo za maji, ila baba akakaa chini ghafla, dunia inamzunguka.

Tukamkimbiza zahanati. Nesi Mektilda akampima: mia na tisini kwa mia na kumi.

"Mzee, dawa unameza?"

"Tatizo si dawa, ni huyu mke wangu. Hebu mpime uone anayenipandisha presha alivyo mzima!"

Mama akacheka, akanyoosha mkono.

Nesi akapima. Akahamia mkono wa pili.

"Mama, kichwa kinauma?"

"Hata kidogo."

"Achari anayokula mzee anatengeneza nani?"

"Mimi."

"Anaionja nani?"

"Mimi tena."

"Presha yako imezidi ya mzee. Tunakupeleka hospitali sasa hivi."

Baba alipauka. "Mke wangu Semeni? Nesi, niambie ukweli wote, hata kama mbaya!"

"Ukiiacha, inapasua mshipa kichwani bila kupiga hodi. Ukimeza dawa kila siku na kupunguza chumvi, unaishi nayo."

Mama alirudi nyumbani salama. Sasa hivi kila asubuhi wanameza vidonge pamoja, na baba hanywi chai mpaka amwone mama amemeza.

Ndugu yangu, kapime. Usisubiri kuumwa. Pale nyumbani, aliyejiona mzima kuliko wote alikuwa mama.